Gemu la GB 150, diski ndogo, intaneti ya kusuasua: fanya hivi

Duka likiandika kwamba gemu linahitaji GB 150, usiishie kulinganisha namba hiyo na nafasi iliyobaki kwenye diski. Kuna ukubwa wa kupakua, ambao mara nyingi ni mdogo kwa sababu faili husafiri zikiwa zimebanwa. Kuna ukubwa wa gemu likishafunguliwa kwenye diski. Tena kuna nafasi ya kufanyia kazi, ambayo programu huihitaji kwa muda wakati wa kusakinisha na wakati wa kila sasisho. Wengi hukwama kwenye hii ya tatu: gemu limeingia, linachezeka, halafu sasisho la GB 3 linagoma kwa madai kwamba nafasi haitoshi.

Diski nayo haitoi kila kilichoandikwa kwenye boksi. Mtengenezaji huhesabu TB 1 kuwa baiti trilioni moja, ilhali Windows huhesabu kwa 1,024, kwa hiyo diski hiyo hiyo itaonekana ina GB 931. Kwenye konsoli, mfumo hujichukulia sehemu yake kwanza: PS5 ya mwanzo yenye GB 825 humwachia mchezaji kama GB 667, Xbox Series X ya TB 1 huacha kama GB 802, na Series S ya GB 512 huacha kama GB 364. Magemu matatu ya GB 110 yanatosha kuimaliza Series S.

Piga hesabu ya muda kabla ya kubonyeza

Kasi ya intaneti hutajwa kwa megabiti, ukubwa wa gemu kwa gigabaiti, na baiti moja ina biti 8. Zidisha GB kwa 8,000, gawanya kwa kasi yako ya Mbps (megabiti kwa sekunde), jibu ni sekunde. Gemu la GB 100 kwa Mbps 10 ni sekunde 80,000, yaani saa 22 na dakika 13 bila kukatika. Kwa Mbps 50 ni chini kidogo ya saa 4 na nusu. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya misukosuko ya mtandao. Steam, duka la magemu ya kompyuta, inaweza kuonyesha kasi kwa biti au kwa baiti. Angalia swichi yake kwenye Settings, Downloads, kabla hujalalamika kwamba unapewa kasi ndogo kuliko uliyolipia.

Mahali uzito unapotoka

Ukijua kilichoujaza mzigo, utajua cha kupunguza. Sehemu kubwa ni teksicha, yaani picha zinazovishwa juu ya kuta, nguo, ardhi na nyuso za watu. Teksicha ya pikseli 2048 kwa 2048 iliyobanwa kwa mfumo wa BC7 huchukua MB 4. Ikipandishwa hadi 4096 kwa 4096 huchukua MB 16. Upande umeongezeka mara mbili, uzito umeongezeka mara nne, na kitu kimoja kwa kawaida huvishwa teksicha kadhaa: ya rangi, ya mabonde na matuta, ya mng'ao. Gemu la Fallout 4 lilipoongezewa teksicha za ubora wa juu mwaka 2017, kifurushi hicho peke yake kilikuwa na GB 58. Kama skrini yako ni ya 1080p, sehemu kubwa ya kifurushi cha namna hiyo hutaiona kabisa.

Sauti inafuata. Sauti ya stereo ya 48 kHz na biti 16 isiyobanwa hula MB 11.5 kwa dakika. Titanfall ya mwaka 2014 kwenye kompyuta ilichukua GB 48, na GB 35 kati ya hizo zilikuwa sauti. Watengenezaji waliiacha bila kubanwa ili prosesa dhaifu zisipoteze nguvu kuifungua wakati wa mchezo.

Halafu kuna marudio, na hapa ndipo panapotuuma zaidi. Diski ya kuzunguka, yaani HDD, huchelewa kila kichwa chake cha kusomea kinaporuka kwenda sehemu nyingine, kwa hiyo watengenezaji hunakili kitu kimoja mara nyingi ili kiwe karibu na kila eneo la mchezo linalokihitaji. Mark Cerny, msanifu mkuu wa PS5, alieleza mwaka 2020 kwamba vitu vingine vilirudiwa hata mara 400 ndani ya gemu moja. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, haina shida hiyo. Mwishoni mwa 2025 Helldivers 2 ya kompyuta iliondolewa marudio na ikashuka kutoka takriban GB 154 hadi GB 23. Mchezaji mwenye SSD alikuwa amebeba zaidi ya GB 130 zisizomfaa kitu, na yeye mwenyewe hakuwa na namna ya kuzitoa. Ndiyo maana inafaa kusoma maelezo ya masasisho: mara nyingine tiba inatoka kwa mtengenezaji. Microsoft Flight Simulator nayo mwaka 2021 ilipunguzwa kutoka GB 170 hadi GB 83 kwa sasisho moja.

Punguza gemu lenyewe

Kwenye Steam, bofya gemu kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, kisha DLC, yaani nyongeza za gemu. Ondoa alama kwenye kila kifurushi usichokitumia, hasa vya teksicha za 4K. Sehemu ya Language huamua lugha ya sauti inayopakuliwa. Chagua moja na ubaki nayo, maana kubadilisha ni kupakua upya.

Kwenye PS5, weka kishale juu ya gemu, bonyeza Options, ingia Manage Game Content. Kwenye Xbox ni Manage game and add-ons. Magemu yaliyogawanywa, kama Call of Duty za karibuni, hukuruhusu kufuta hadithi ya mchezaji mmoja ukabaki na mechi za mtandaoni, au kinyume chake. Ukishamaliza hadithi, ifute siku hiyo hiyo.

Kwenye Windows unaweza pia kubana folda ya gemu bila programu ya ziada. Funga gemu, fungua Command Prompt kama msimamizi, kisha andika:

compact /c /s:"D:\SteamLibrary\steamapps\common\JinaLaFolda" /a /i /exe:xpress16k

Gemu linaendelea kuchezwa kama kawaida. Faida haitabiriki: gemu lenye faili zisizobanwa hupungua sana, lililokwisha kubanwa na mtengenezaji halisogei. Sasisho likiandika faili upya, faili hizo hurudi na ukubwa wake wa awali, hivyo itabidi urudie amri. Kwa gemu linalosasishwa kila wiki, usijisumbue.

Takataka zinazokaa kimya

Kabla ya kufuta gemu lolote, pitisha WizTree au WinDirStat kwenye diski ili uone folda zipi zimevimba. Ndani ya steamapps, chungulia downloading kwa mabaki ya upakuaji ulioachwa njiani, workshop kwa modi (nyongeza za mashabiki) ulizosahau, na shadercache. Hiyo ya mwisho ni akiba ya sheda, yaani programu ndogo za kuchorea picha za gemu, na unaweza kuifuta bila hofu. Itajijenga upya, ila gemu litakwamakwama kidogo mara ya kwanza. Video za mchezo zinazojirekodi zenyewe nazo ni walaji wakubwa, kwenye kompyuta na kwenye konsoli. Folda ya WinSxS ya Windows usiiguse kwa mkono.

Kwa nini sasisho dogo linataka nafasi kubwa

Magemu mengi hupakia maelfu ya vitu ndani ya faili chache kubwa, pengine GB 10 au 30 kila moja. Sasisho likigusa kipande cha MB 50 ndani ya faili ya GB 30, programu huunda nakala mpya ya faili nzima pembeni, inachanganya vipande vya zamani na vipya, kisha inafuta ya zamani. Kwa muda huo unahitaji GB 30 za ziada. PS4 huenda mbali zaidi, kwani hunakili gemu zima, na ndiyo sababu hudai nafasi inayokaribia ukubwa wa gemu hata kwa sasisho dogo.

Acha wazi nafasi inayolingana na faili kubwa kuliko zote ulizonazo, na isipungue asilimia 10 hadi 15 ya diski. SSD iliyojaa hadi ukingoni pia hupunguza kasi ya kuandika.

Hapa pia ndipo linapotoka swali linaloulizwa mno: kwa nini upakuaji wa Steam unaonyesha mtandao sifuri? Tazama mstari wa diski kwenye grafu ile ile. Kama diski inafanya kazi, Steam inafungua na kuunganisha faili, na kwenye diski ya kuzunguka kazi hiyo huweza kuchukua muda mrefu kuliko kupakua kwenyewe. Usiizime. Kama mtandao na diski vyote ni sifuri kwa dakika kadhaa, sitisha na uendelee, kisha badilisha Download Region kwenye Settings, Downloads. Ikija hitilafu ya Disk write error na nafasi ipo, fungua Properties, Installed Files, uhakiki faili. Ikirudia, ikague diski kwa afya yake.

Usipakue kitu kimoja mara mbili

Hili ndilo tunalolisisitiza kwa kila anayetumia bando. Diski ya nje ya kuzunguka inayosoma MB 100 kwa sekunde hurudisha gemu la GB 100 kwa dakika kama 17. Linganisha na zile saa 22. Gemu unalotarajia kulirudia lihamishe, usilifute.

Kwenye Steam ingia Settings, Storage, ongeza diski ya pili, weka alama kwenye gemu, bonyeza Move. Kama kompyuta mbili ziko kwenye mtandao mmoja wa nyumbani, tumia uhamishaji wa ndani ulioletwa mwaka 2023:

1. Kwenye kompyuta zote mbili fungua Settings, Downloads, washa Game File Transfer over Local Network.
2. Hakikisha gemu kwenye kompyuta ya kwanza limesasishwa na halichezwi.
3. Anza kulisakinisha kwenye ya pili. Steam itachukua faili kutoka ya kwanza na kupakua tu kinachopungua. Tumia kebo kama unayo.

Bila mtandao wa ndani, nakili folda ya gemu kutoka steamapps/common, ibandike mahali hapo hapo kwenye kompyuta nyingine, kisha bonyeza Install. Steam itakagua faili zilizopo kwanza. Kwa duka la Epic, anza kusakinisha, sitisha ikifika asilimia chache, funga programu, bandika faili juu ya folda mpya, fungua na uendelee. Flashi au diski ya kubebea iwe na mfumo wa faili wa exFAT au NTFS. FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4, na nakala itakatika katikati.

Xbox ina Network transfer chini ya Backup & transfer. PS5 huweka magemu yake kwenye diski ya USB kwa kuhifadhi tu, hayachezwi kutoka huko, lakini ya PS4 yanachezwa. Kuhusu diski za dukani, Blu-ray ya PS5 hubeba hadi GB 100 na kweli huokoa data, ila masasisho bado utayapakua. Kwenye Switch 2 soma boksi vizuri, kwani kadi za aina ya Game-Key hazina gemu ndani, zinakupa ruhusa ya kulipakua.

Ukiamua kununua nafasi

PS5 inataka SSD ya M.2 NVMe ya PCIe Gen4, GB 250 hadi TB 8, Sony wakipendekeza kasi ya kusoma ya MB 5,500 kwa sekunde au zaidi, na lazima iwe na kipoza joto. Unene wote usizidi milimita 11.25. Switch 2 inakubali microSD Express tu kwa magemu. MicroSD ya kawaida haifai, hata iwe na kasi gani.

Kadi na flashi bandia ni nyingi: zinajitangaza GB 512, ndani ni GB 32, na faili zinazozidi hapo huharibika bila onyo. Kadi ikiwa bado tupu, ijaze yote kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Ikikosea hata kidogo, irudishe.

Na kabla ya kufuta gemu lolote kwenye kompyuta, thibitisha kwamba maendeleo yako yamehifadhiwa. Si kila gemu la Steam lina hifadhi ya mtandaoni. Alama ya wingu kwenye ukurasa wa gemu ndiyo itakayokuambia. Isipokuwepo, tafuta ndani ya Documents\My Games, Saved Games na AppData, unakili folda hiyo mahali pengine, kisha ndipo ubonyeze Uninstall.