Kuchora madoa ya jua juu ya paa, Mombasa

Kuyaona madoa ya jua, yaani alama nyeusi kwenye uso wake, ni kazi ya asubuhi moja. Mimi huyachora juu ya paa, Mji wa Kale, kwa darubini ya mikono ya 10x50, penseli na kipande cha boksi. Ugumu uko kwingine: mchoro wa leo uweze kuwekwa kando ya wa juzi na vielewane. Hapo ndipo wengi hukwama.

Kwanza macho. Usichungulie jua kwa darubini hata nukta moja. Picha za eksirei na karai la maji, ambavyo watu huvikimbilia jua linapopatwa, havikingi kitu. Sisi tutalipa jua kisogo na kulitupa kwenye karatasi. Watoto wakipanda juu, funika lenzi.

Hatua ya 1: Funga darubini kwenye tripodi. Lenzi moja ya mbele izibe, nyingine ivishe kola ya kadibodi ili kivuli kiangukie karatasi. Kulenga, izungushe mpaka kivuli cha darubini kiwe kifupi kabisa. Kila dakika 2 au 3 iondoe kwenye jua ipoe. Yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba, ina plastiki ndani. Niliisahau nikinywa chai, ikayeyuka.

Hatua ya 2: Chora duara la sentimita 10, uliweke mita moja na kidogo nyuma ya darubini, usogeze hadi jua lilijaze. Mwanga wa pembeni ukisumbua, tundika leso. Kwa kipimo hiki dunia yetu haifiki milimita 1, kwa hiyo doa la punje ya ufuta limeizidi dunia kwa upana. Tikisa karatasi: doa likienda nayo, ni uchafu tu.

Fanya hivi saa mbili au saa tatu asubuhi, mabati ya majirani hayajapata moto. Baadaye hewa huchemka na ukingo wa jua hutetemeka kama uji jikoni.

Hatua ya 3 ndiyo roho ya kazi. Miongozo mingi imeandikwa na watu wa kaskazini ya mbali, ambao jua la adhuhuri kwao liko kusini mwaka mzima. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Juni jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, Desemba liko kusini, na mwanzoni mwa Machi na Oktoba linapita utosini. Ukikariri kwamba "juu ni kaskazini", michoro yako itapinduka katikati ya mwaka bila wewe kujua. Basi iache darubini bila kuigusa. Taswira itateleza yenyewe, na kwa dakika 2 na kitu itatoka yote kwenye duara. Ukingo unaotangulia kutoka ndio magharibi. Weka alama, kila siku, hata kama una hakika.

Hatua ya 4: Chora kiini cheusi na kijivu kinachokizunguka, kisha hesabu. Rudolf Wolf, mwanaastronomia wa Uswisi, alituachia kanuni hii karne ya 19: idadi ya makundi mara 10, ongeza idadi ya madoa. Makundi 3 yenye madoa 14 ni 44. Doa moja peke yake ni 11. Siku ya mawingu ya kusi andika "mawingu", usiandike sifuri.

Hatua ya 5: Karatasi haionyeshi sumaku, ingawa mwanaastronomia Mmarekani George Ellery Hale alionyesha mwaka 1908 kwamba madoa ni mahali penye sumaku kali. Fungua picha za sumaku za SDO, chombo cha NASA kinacholitazama jua kutoka angani: nyeupe ni uga wa sumaku unaotujia, nyeusi unaotukimbia. Tafuta makundi yako. Utaona rangi inayotangulia upande wa magharibi, kaskazini mwa jua, kwa kawaida ni kinyume na ya kusini. Kundi ambalo nyeupe na nyeusi zimekorogana lifuatilie kwa karibu, maana hapo ndipo milipuko mikubwa huzaliwa. Kundi namba 3664 la Mei 2024 lilikuwa hivyo, na tarehe 10 dhoruba ya sumaku iliyoletwa nalo duniani ilifika daraja la G5, la juu kabisa, ya kwanza tangu 2003.

Jua hujizungusha, hivyo doa huvuka uso wake kwa siku 13 hivi. Likizama magharibi, acha ukurasa wazi wiki mbili mbele, ukichunguza ukingo wa mashariki. Hilo 3664 lilirudi, likapewa namba 3697.