SOMO: Kupima uteuzi wa utando wa kubadilishana ioni kwa volteji, hatua kwa hatua

Wakuu, swali ni lile lile kila mara: "Nimepima utando wangu, namba hazieleweki, shida nini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, anayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Utando wa kationi (unaopitisha ioni, yaani chembe, zenye chaji chanya) una vikundi vyenye chaji hasi vilivyoshikana na plastiki yake, mara nyingi vya sulfoneti. Sodiamu inapita, kloridi inafukuzwa. Weka chumvi nyingi upande mmoja na kidogo upande wa pili: sodiamu inahamia kwenye chumvi kidogo, kloridi inabaki, na hapo volteji inazaliwa. Kadiri utando unavyozuia kloridi, ndivyo volteji inavyokaribia ile ya hesabu, yaani ya utando usiopitisha kloridi kabisa. Volteji uliyosoma ukiigawanya kwa hiyo ya hesabu, unapata uteuzi.

1. Andaa sodiamu kloridi ya moli 0.5 kwa lita na ya moli 0.1 kwa lita.

2. Loweka utando. Hapa ndipo nilipoharibu. Utando wangu ulikuja umejaa hidrojeni, si sodiamu. Nikauloweka saa moja tu, nikaufunga, nikaanza kusoma. Milivolti zikawa zinatambaa mchana kutwa bila kutulia. Nikalaumu kipimavolti, nikabadilisha nyaya, siku 3 zikaenda. Kumbe hidrojeni ilikuwa bado inatoka na sodiamu inaingia, na kubadilishana huko kunazaa volteji yake. Loweka saa 24 kwenye myeyusho wa 0.5, ubadilishe angalau mara 3. Wa mwisho upime pH: ukiwa na asidi kuliko myeyusho mpya, bado hujamaliza. USIUACHE utando ukauke kabla ya kuufunga.

3. Ufunge katikati ya vyumba viwili, toa mapovu yote.

4. Koroga pande zote mbili. Usipokoroga, maji yaliyotulia usoni mwa utando yanapunguza tofauti ya ukolezi na namba inashuka.

5. Tumia elektrodi mbili za fedha na kloridi ya fedha ZENYE DARAJA la potasiamu kloridi, yaani myeyusho wake unaokaa kati ya elektrodi na myeyusho unaoupima. Kwanza zitumbukize zote kwenye bika moja. Tofauti utakayoiona iandike, utaitoa kwenye kipimo.

6. Soma namba ikishatulia, nyuzi 25 za Selsiasi.

7. Namba hiyo igawanye kwa volteji ya hesabu, milivolti 37.9. Si 41.4! Volteji ya hesabu ni logi asilia ya uwiano wa pande mbili, mara milivolti 25.7. Hiyo 41.4 inatokana na kugawanya 0.5 kwa 0.1 moja kwa moja. Ioni zikisongamana hazifanyi kazi kwa ukolezi wote ulioandikwa kwenye chupa, kwa hiyo zidisha 0.5 kwa 0.681, na 0.1 kwa 0.778, ndipo ugawanye. Ukisoma milivolti 36, jibu sahihi ni asilimia 95. Kwa hesabu mbovu utapata 87, na utautupa utando mzima.

MASWALI

— Mkuu, niloweke muda gani?

Hatua ya 2.

— Nimepata asilimia 190. Utando wangu ni wa kiwango cha juu sana, au?

Hapana. Haiwezi kupita 100. Elektrodi zako hazina daraja, kila moja inahisi kloridi ya upande wake. Umejumlisha volteji ya elektrodi na ya utando.

— Lakini elektrodi zangu ni nzuri, nimezitumia miaka.

Sijasema ni mbovu. Nimesema hazina daraja. Kaangalie.

— Naomba kuelewa: asilimia 95 maana yake sodiamu inabeba asilimia 95 ya mkondo?

Swali zuri sana. Hapana. Uwiano huo ni sehemu ya sodiamu mara mbili, toa moja. Kwa hiyo 0.95 ina maana sodiamu inabeba karibu asilimia 97.5. Kwenye myeyusho wenyewe, bila utando, inabeba kama 39 tu, maana kloridi ina kasi zaidi. Potasiamu na kloridi zinakwenda karibu sawa, ndiyo sababu daraja tunalijaza potasiamu kloridi: haliongezi volteji kubwa ya kwake.

— Ahsante. Na nikitumia chumvi kali zaidi, au magnesiamu?

Uteuzi unashuka. Mwanakemia Donnan alishaeleza mwaka 1911: ukolezi wa nje ukikaribia wingi wa chaji za ndani, kloridi inaanza kupenya. Magnesiamu ina chaji mbili, inang'ang'ania vikundi vya utando na kuzifunika chaji zao, nayo yenyewe inatembea polepole. Ila tenganisha mambo mawili: kuchagua kati ya sodiamu na kloridi ndiko tunakopima hapa. Kuchagua kati ya sodiamu na magnesiamu kunataka jaribio jingine.

— Nyongeza yangu: kata pembe moja ya utando, utajua upande upi ulitazama wapi. Wino unaachia.

Nimeipenda hii, nitaanza kuifanya. Na unene wake pimeni ukiwa umelowa, ukikauka unasinyaa.