Pima utayari wa nchi kwa tarehe, si kwa alama peke yake

Ukitaka kujua nchi imejiandaa vipi kwa janga la ugonjwa, usitosheke na alama. Mwaka 2019 Marekani iliongoza nchi 195 katika Fahirisi ya Usalama wa Afya Duniani, kipimo cha utayari wa nchi kukabili milipuko ya magonjwa, kwa alama 83.5 kati ya 100. Kufikia Mei 2022, Uviko-19 ulikuwa umeua watu zaidi ya milioni moja huko. Alama huonyesha kilichopo. Kasi ya kukitumia ni jambo jingine.

Hatua ya 1. Soma Tathmini ya Pamoja ya Nje ya nchi husika, ambapo wataalamu wa ndani na wa nje hupima pamoja uwezo wa nchi kukabili dharura za afya. Ya Tanzania ilifanyika Februari 2016, miongoni mwa za mwanzo kabisa duniani. Kila kiashiria hupewa 1 hadi 5, 1 ikiwa ya chini kabisa. Achana na wastani, tafuta penye 1 na 2.

Hatua ya 2. Chukua mlipuko mmoja uliokwisha, mfano kipindupindu hapa Dar es Salaam, uandike tarehe nne: ulipoanza, ulipogunduliwa, taarifa ilipotolewa kwa mamlaka ya afya, na hatua za awali zilipokamilika.

Tarehe ya kwanza ndiyo ngumu. Wengi huandika siku mgonjwa alipofika kituoni. Tuseme mama wa Tandale ameanza kuharisha Jumatatu, akanunua dawa dukani, akafika kituo cha afya Alhamisi. Andika Jumatatu. Siku hizo tatu zinakuuliza maswali mazito: muuza dawa angempigia nani simu? Mhudumu wa afya ngazi ya jamii yupo mtaani? Ukizifuta, umefuta sehemu muhimu kuliko zote.

Kugundua nako kusisubiri majibu ya maabara. Hesabu siku tukio lilipoandikwa mara ya kwanza, hata kama ni shuku tu.

Hatua ya 3. Linganisha na lengo la 7-1-7: siku 7 kugundua, siku 1 kutoa taarifa, siku 7 kukamilisha hatua za awali, yaani uchunguzi, uthibitisho wa maabara, matibabu na kinga ya maambukizi, elimu kwa jamii, uratibu na nyinginezo. Hatua moja ikichelewa kuliko nyingine, tarehe yake ndiyo ya kuandika kuwa ya kukamilika.

Hatua ya 4. Tafuta sababu ya kila ucheleweshaji. Keti na mganga mkuu wa manispaa, mtaalamu wa maabara, na dereva aliyebeba sampuli. Tafadhali usimwache dereva. Ndiye anayejua gari lilikosa mafuta siku gani. Kwa kila sababu, andika nani atairekebisha na lini, kisha mlipuko unaofuata ukianza, jaza tarehe siku ileile.