Kupanga muhula wa mafumbo shule ya msingi: anza na jibu

Muhula wa mafumbo, yaani ule ambao wanafunzi hujifunza kwa kutatua visa vya kipelelezi, hupangwa kinyumenyume. Kabla ya kukata hata karatasi moja, andika kwa sentensi tatu kilichotokea, aliyefanya na sababu yake. Walimu wengi huanza na dalili zinazovutia, kama nyayo, barua ya siri au kitambaa kilichochanika, halafu wiki ya tatu wanakosa jibu linalozibeba zote. Watoto hulibaini hilo haraka. Wakishajua kwamba mwalimu anabuni njiani, wanaacha kupima na kuanza kubahatisha.

Kwa muhula wa wiki 12, usitegemee kisa kimoja. Baada ya wiki nne hamu hupoa. Wiki ya 1 hadi ya 4 ziwe za kisa cha kutunga kinachotokea shuleni, ya 5 hadi ya 8 fumbo la kweli la historia, ya 9 na ya 10 fumbo la sayansi ambalo tayari limepata jibu, na mbili za mwisho wanafunzi watunge visa vyao. Kwa darasa la kwanza na la pili inatosha wiki moja, kisa kimoja na washukiwa watatu.

Kisa kiwe cha kitu kupotea au kuhamishwa, kwa mfano kengele ya shule. Damu na mauaji viachwe. Washukiwa wawe wahusika wa kubuni au watu wazima waliokubali kuigiza. Mwanafunzi asifanywe mshukiwa hata kwa utani, maana jina la mwizi litamfuata uwanjani muhula ukiwa umekwisha zamani. Wazazi wapewe taarifa siku moja kabla, la sivyo mtoto wa miaka saba atafika nyumbani akitangaza kwamba shule imeibiwa.

Kazi nzito ni jedwali la washukiwa na dalili. Chukua washukiwa sita, mmoja ndiye mhusika, na dalili tano. Wape wasio na hatia namba 1 hadi 5. Dalili ya kwanza imtoe namba 1 na 2, ya pili 2 na 3, ya tatu 3 na 4, ya nne 4 na 5, ya tano 5 na 1. Hivyo kila asiye na hatia anatolewa na dalili mbili. Kundi likiharibu jaribio moja bado litafika kwenye jibu, na dalili ya tano inabaki ya kuthibitisha. Ukimpa kila mshukiwa dalili moja tu ya kumtoa, karatasi moja ikilowa maji kisa kizima kinakwama. Dalili yoyote isiyofundisha kitu kilichomo kwenye mtaala iondoe, hata kama inapendeza.

Eneo la tukio lizungushie kamba, mita 3 kwa 3, kisha ligawe katika miraba tisa ya mita moja. Piga picha kabla ya mtoto yeyote kufika. Waingie wanne wanne kwa dakika kumi, wachore ramani kwa kipimo, bila kugusa. Darasa zima likiingia kwa pamoja, nyayo ulizoandaa zitafutika kabla hazijapimwa.

Nyayo ni hesabu nzuri ya asilimia. Urefu wa unyayo wa mtu mzima ni karibu asilimia 15 ya kimo chake, kwa hiyo unyayo wa sentimita 24 unaashiria mtu wa karibu sentimita 160. Lakini kosa la sentimita moja kwenye unyayo huwa kosa la karibu sentimita saba kwenye kimo, na kiatu ni kirefu kuliko mguu. Vimo vya washukiwa unaotaka kuwatenganisha vipishane kwa sentimita 20 au zaidi.

Alama za vidole hazihitaji vifaa. Mtoto asugue penseli laini kwenye karatasi hadi iwe nyeusi, abonyeze kidole hapo, abandike seloteipu juu ya kidole, kisha aihamishie kwenye karatasi nyeupe. Watapata vitanzi (mistari inayoingia na kurudi upande uleule), mizunguko (inayozunguka katikati) na matao (inayovuka kama daraja). Vitanzi ndivyo vingi, karibu theluthi mbili ya vidole vyote. Matao ni kama matano tu kwa mia. Ukimpa mhusika kitanzi hujamtenga na mtu. Mpe tao. Darasa la watoto 40 lina vidole gumba 80, vinatosha kwa grafu nzuri ya mihimili. Mwishoni kila mtoto arudi nyumbani na karatasi yake.

Barua ya siri hupimwa kwa wino. Kata vipande vya karatasi ya chujio, piga mstari wa penseli sentimita 2 kutoka chini, weka nukta ya kalamu ya kila mshukiwa juu ya mstari, kisha simamisha ncha katika maji ya kina cha sentimita 1. Maji yakipanda, wino hutengana rangi, na wanafunzi huzilinganisha na rangi za wino wa barua. Nukta ikizama majini, wino unaishia kwenye kikombe. Makapeni za wino wa kudumu hazipandi kwa maji. Jaribu kalamu zote mwenyewe kwanza, kwa sababu nyeusi mbili za aina tofauti wakati mwingine hutoa rangi zilezile.

Ukiificha barua kwa kusogeza herufi, tatu mbele kwa mfano (A iwe D), amua kama unatumia alfabeti ya herufi 24 (bila Q na X) au 26 na uibandike ukutani. Watoto wakichanganya, neno linaharibika kila linapozunguka mwisho wa alfabeti. Maandishi ya Kiswahili yaliyofichwa hivyo hufumbuliwa kwa urahisi: herufi inayojirudia kuliko zote mara nyingi ni A, na karibu kila neno huishia na irabu. Angalia pia saa kwenye maelezo ya washukiwa. Mmoja akisema saa nne asubuhi na karatasi ya zamu ikisema 10:00, baadhi ya watoto wataona uongo usiokuwepo. Fanya hivyo kwa makusudi au usifanye kabisa.

Daftari la mpelelezi liwe na safu mbili, “nilichoona” na “ninachodhani”. Lisahihishe kila wiki. “Mtu mrefu alipita dirishani” haikai safu ya kwanza.

Safu hizo ndizo zitakazowafaa kwenye historia. Merikebu Mary Celeste ilikutwa baharini Desemba 1872, kati ya visiwa vya Azores na Ureno, bila mtu. Nahodha Benjamin Briggs, mkewe, binti yao mdogo na mabaharia saba hawakuonekana tena. Mashua ya kuokolea haikuwepo, chakula na maji vilikuwepo, na shehena ilikuwa mapipa ya alkoholi. Toa taarifa hizo kwenye kadi, moja moja. Kisha waletee hadithi ya chai iliyokutwa ikiwa bado moto mezani, ambayo ni nyongeza ya baadaye, na uwaulize nani angeweza kuiona. Usiwalazimishe kutoa jibu moja. Pima namna wanavyotetea dhana yao.

Kwa sayansi, chukua mawe yanayojisogeza ya Racetrack Playa, ziwa lililokauka huko Death Valley, Marekani. Yaliacha michirizi mirefu kwenye udongo bila mtu kuyaona yakitembea, hadi Desemba 2013 watafiti walipoyashuhudia: barafu nyembamba ya milimita chache ilipasuka, ikasukumwa na upepo mwepesi, nayo ikayasukuma mawe. Waache watoto wabuni dhana na majaribio kwa vipindi viwili kabla ya kuwaambia. Ukiwaambia mapema, wiki mbili zimekwisha.

Visa vya wanafunzi viwe na washukiwa wanne na dalili tatu, na jibu lipelekwe kwa mwalimu kwenye bahasha iliyofungwa kabla dalili hazijaandikwa. Makundi yabadilishane. Kisa kikitatuliwa kwa dalili moja, au kikikosa jibu baada ya zote tatu, kinarudi kwa waliokitunga pamoja na jedwali lake.