Kabla Hamjaenda kwa Mrajis: Mambo ya Kuzingatia Mnapoanzisha Jumuiya

Haupiti mwezi bila mtu kunisimamisha sokoni Chake Chake, hapa Pemba: "Mshika fedha, nasi tunataka kuanzisha jumuiya, tuanzie wapi?" Jina wanalo, nembo wanayo, wengine hata rangi ya gari wameshaichagua. Basi naandika mara moja, msome, na simu za saa nne usiku zipungue.

Sheria kwanza. Mambo ya jumuiya zisizo za kiserikali si ya Muungano, na Zanzibar tuna utaratibu wetu. Jumuiya nyingi mnazoziona zimesajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya Namba 6 ya 1995, na mwenye daftari la usajili anaitwa Mrajis. Ile Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Namba 24 ya 2002 ni ya Bara, na mwenye daftari wa kule ni Msajili. Msidhani ni tofauti ya neno tu. Nimeletewa rasimu ya katiba ya kikundi cha Wete iliyoahidi kufuata Sheria Namba 24 kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Walinakili kwa rafiki yao wa Morogoro, wakabadilisha jina la mji tu. Msinakili. Na mkifika kwa Mrajis ulizeni sheria na kanuni zinazotumika siku hiyo hiyo, maana sheria hazikai kama zilivyozaliwa. Hiyo ya Bara yenyewe imeshafanyiwa marekebisho 2005 na tena 2019.

Jina lisifanane na la wenzenu. Sheha, yaani kiongozi wa shehia yenu, ajue mapema, asije akasikia barazani. Kumbukumbu za mkutano wa kwanza ziwe na sahihi za watu waliokaa mkekani kweli, si majina ya mabinamu walioko Muscat. Malengo yawe matatu au manne. Jumuiya yenye malengo ishirini haijui inataka nini.

Benki, wekeni watia sahihi watatu wasiotoka nyumba moja. Mtaulizwa maswali mengi: nani anawapa pesa, nani anaamua, zinakwenda wapi. Msikasirike. Tanzania ilikuwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazoangaliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa kinachofuatilia utakatishaji fedha, tangu Oktoba 2022 hadi Juni 2025, na pendekezo lao la 8 linazihusu hasa taasisi kama zetu. Yule kijana wa kaunta hakuchukii. Mpelekeeni karatasi anazotaka.

Sasa nije kwenye lililonichoma.

Nilikuwa mshika fedha wa jumuiya ya wakulima wa mwani huko kaskazini, Wilaya ya Micheweni. Cheti kilikuwa ukutani ndani ya fremu, ada imelipwa, ripoti ya mwaka imepelekwa. Ungetukagua kwa jicho la sheria usingeona doa. Mfadhili akatoa fungu la kwanza tununue kamba, taitai (vikamba vya kufungia mwani) na mbao za chanja za kuanikia. Sharti lake moja: bei tatu kutoka maduka matatu. Mwenyekiti wetu, maalim wa madrasa, mtu ambaye hata chenji ya mia alikuwa akiirudisha, akasema, "Shemeji yangu ana duka, atatupunguzia." Na kweli alitupunguzia. Mimi mwenyewe nilipita Konde na Chake Chake kuulizia, na hakuna aliyemfikia kwa bei. Yule shemeji, kwa kutuonea huruma ya nauli, akatupa karatasi yake ya bei pamoja na nyingine mbili zenye vichwa vya maduka ya rafiki zake. Zote kazijaza yeye. Nikasaini. Bamvu, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, lilikuwa linakaribia, wakinamama wameshachomeka vigingi pwani wanangoja kamba, na mimi nikawa nawaza maji tu.

Miezi mitano baadaye akaja mkaguzi wa mfadhili. Akazipanga zile karatasi tatu mezani, ubavu kwa ubavu, akanyamaza. Nikazitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayesoma. Kamba ya manila ilikuwa imeandikwa "manira" kwenye zote tatu, kwa kalamu ile ile ya bluu iliyokuwa ikivuja. Bei hakuiuliza kabisa. Aliuliza tu, "Muuzaji ni nani wenu?" Maalim akajibu bila kusita, "Shemeji yangu," kwa sababu hakuona kosa lolote la kuficha.

Fungu la pili likazuiwa, tena tukatakiwa kurejesha thamani ya vifaa vyote. Bamvu mbili zikapita vigingi vimesimama vitupu. Lakini pesa ilikuwa nusu ya maumivu. Kijijini likaenea neno moja, "wamekula", na neno hilo likishatoka hulikusanyi tena. Maalim akaacha kukaa barazani baada ya Alasiri. Mkewe akagombana na kaka yake mwenye duka. Hakuna hata shilingi moja iliyoibiwa, wallahi, na mpaka leo wapo wasioniamini ninapolisema hili.

Usiku mmoja nikaifungua katiba yetu kutafuta tulipokosea. Kurasa kumi na moja. Kulikuwa na kifungu cha bendera. Cha kiongozi mwenye maslahi yake kwenye manunuzi hakikuwemo. Mrajis simlaumu, alitusajili kama tulivyojieleza. Sheria ilitaka kujua sisi ni nani na tunawajibika vipi kwake. Namna ya kuwajibishana sisi kwa sisi ilikuwa kazi yetu, nasi hatukuifanya.

Kwa hiyo, kabla shilingi ya kwanza haijaingia, andikeni kanuni zenu. Ukurasa mmoja unatosha. Kiongozi mwenye udugu, ushemeji au biashara na muuzaji aseme mwanzoni mwa kikao, iandikwe, kisha atoke nje wenzake waamue. Bei zitafutwe na watu wawili wasiosaini hundi, tena waende dukani kwa miguu yao. Aandikwe pia nani atasikiliza malalamiko dhidi ya mwenyekiti mwenyewe, na binti anayesumbuliwa na kiongozi amwendee nani. Mtaniambia, "Mshika fedha, hapa kijijini sote ndugu." Ndiyo. Shehia ina maduka mawili, na yote ya wajomba zenu. Kanuni haiwakatazi kununua kwa mjomba, inawataka mseme kuwa ni mjomba. Ifanyeni mapema, maana pesa zikishaingia kila kifungu kinakuwa na sura ya mtu, na mtu huyo atakuwa amekaa mbele yenu anawaangalia.

Kuna watakaosema tungoje tupangiwe. Kule Bara sheria imeunda Baraza la Taifa la Mashirika Yasiyo ya Kiserikali na kulipa kazi ya kuandaa kanuni za maadili. Nasi tuna miavuli yetu inayozikusanya jumuiya pamoja, ANGOZA ya Zanzibar, na hapa Pemba PACSO. Jiungeni, kuna mafunzo na kuna wenzenu wa kuwauliza. Lakini mwavuli hauji kuhesabu mabunda ya kamba stoo kwenu.

Mengine kwa haraka. Risiti za mashine hufifia, zitoeni kopi siku hiyo hiyo. Posho ya safari iandikwe kabla ya safari. Mhuri usilale nyumbani kwa mtu. Wetu ulikaa miezi chini ya mto wa katibu, na barua mbili zilizotoka wakati huo sijui hadi leo zilikwenda wapi. Msimu wa uchaguzi fulana za jumuiya zifungiwe kabatini, mnajua Pemba ilivyo, na atakayekwenda nayo kwenye mkutano wa siasa kwa mapenzi yake awe ameshaonywa kwa maandishi. Na mgeni akija na ahadi tamu kuliko halua ya Wete, mpeni chai, msikilizeni, kisha mwambieni aandike na atie sahihi, na nyinyi msisaini chochote siku hiyo.