SOMO: Kutafuta mipaka ya mtaa wa zamani na njia za troli (mfano wetu Mji wa Kale, Mombasa)

Assalaam aleikum jamani. Wengi wananiuliza mtu aanzie wapi akitaka kujua mtaa wao ulianzia wapi ukaishia wapi, basi leo naandika yote mara moja na mfano ni Mji wa Kale, ndo nilikokulia, pamoja na njia za troli, yaani vile vigari vya kusukumwa juu ya reli.

Hatua ya 1, wazee. Nenda barazani kabla hujagusa karatasi yoyote, karatasi zitakungoja lakini wazee wanaondoka. Usimuulize mtu "mpaka wa Kuze ni upi" (Kuze na Kibokoni ni mitaa ya Mji wa Kale), hapo atakuonyesha tu kwa mkono basi. Muulize watu wa Kuze walikuwa wakiswali msikiti gani, maji wakichota kisima gani, harusi ikitoka Kibokoni ilikuwa ikipita wapi. Wazee wawili wakipingana andika maneno ya wote wawili, usichague.

Hatua ya 2, hati za nyumba na za wakfu, na hapa nataka mtulie kidogo. Hati za zamani hazina ramani, zinataja pande nne: kibla nyumba ya fulani, suheli njia, matlai kiwanja cha fulani. Sasa kijana wa leo akisoma kibla anababaika, na kumbe Makka iko kaskazini yetu karibu moja kwa moja, kwa hiyo kibla kwenye hati ya Mombasa ni kaskazini, suheli ni kusini, matlai ni mashariki kunakochomoza jua. Ukikosea hapo nyumba yote unaigeuza! Chora kiboksi, andika majirani wanne, halafu tafuta hati ya jirani uone kama naye anakutaja wewe. Hati tano sita zikishikana hivyo unapata kichochoro kizima.

Baada ya sheria ya hati za ardhi ya 1908 watu wa pwani walitakiwa kupeleka madai yao yaandikishwe, kwa hiyo kama hati yenu ina namba ya bloku na ploti nenda nayo ofisi ya ardhi, bila namba utazungushwa bure.

Hatua ya 3, majina ya barabara. Salim Road ya zamani ndo Digo Road, Kilindini Road ndo Moi Avenue. Tengeneza orodha yako mapema, la sivyo utasoma faili zima na hujui unaongelea wapi.

Hatua ya 4, troli. Mombasa ilikuwa na reli nyembamba barabarani kutoka Government Square hadi Kilindini, na matawi yakiingia mpaka kwenye nyumba za wakubwa. Kigari kina benchi na paa la turubai, abiria wamekaa, nyuma watu wawili wanasukuma kwa miguu yao juani. Majina ya hao wasukumaji hayapo kwenye maelezo ya picha hata moja niliyoiona, na hilo linaniuma, kwa hiyo kama kwenu kuna babu aliyesukuma troli tafadhali liandikeni jina lake. Miaka ya 1920 motokaa zikaziondoa.

MASWALI

Swali: Maalim, reli zenyewe zilitoka wapi?
Jibu: Kampuni ya IBEA (Imperial British East Africa, kampuni ya Waingereza) ilianza reli yake ya kwenda bara 1890 ikaishia maili chache tu, vyuma vikang'olewa vikaletwa mjini. Reli ya Uganda iliyoanza 1896 ni nyingine kabisa.

Swali: Nitazijuaje kwenye picha?
Jibu: Upana kaka. Ya troli ni futi mbili, ya Uganda ni mita moja. Zumu uangalie miguu ya msukumaji, kama nafasi kati ya reli mbili ni ndogo kuliko hatua yake basi hiyo ni troli.

Swali: Mimi niko Maskati, naweza kufanya chochote nikiwa huku?
Jibu: Sana dada yangu. Mkusanyiko wa picha wa Winterton, uko Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani, umewekwa kwenye intaneti na una picha za Mombasa ya zamani.

Swali: Bibi anasema troli ilipita mlangoni kwetu ila ramani haionyeshi.
Jibu: Usimkatalie. Matawi ya majumbani yalikuwepo. Muulize nyumba hiyo alikaa nani kabla yenu, kama alikuwa afisa wa serikali au tajiri, hapo una pa kuanzia, na umrekodi sauti yake leo leo.