Kundi la wachangia damu: namna ya kulifanya lirudi mara ya pili

Mara ya kwanza mtu huvutwa na mtu. Ndugu yuko wodini, au darasa zima limepanga foleni naye hataki kubaki nyuma. Mara ya pili hakuna mgonjwa anayemjua, na hapo ndipo wengi hupotea. Anayeunda kundi msikitini, kanisani, kazini au kijiweni aipange mara hiyo ya pili kabla hata ya ile ya kwanza.

Kwa Tanzania, mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50 na himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya gramu 12.5 kwa desilita au zaidi. Mwanaume hurudi baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Kinachosubiriwa ni madini ya chuma: mililita 450 za damu inayotolewa huondoka na miligramu 200 hadi 250 hivi za chuma. Maji ya damu hurejea ndani ya siku mbili, lakini chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa na akiba ya chuma huchelewa zaidi.

Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu siku 35 hadi 42 kulingana na dawa iliyomo kwenye mfuko, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, hukaa nje ya jokofu siku 5 tu. Kwa hiyo kukusanya watu 80 tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, kupiga picha, kisha kunyamaza mwaka mzima hakusaidii sana. Wagawe zamu nne za watu 20. Zamu mbili ziwe wakati wa likizo, maana wanafunzi ni sehemu kubwa ya wachangiaji na shule zikifungwa akiba hushuka. Wanaofunga Ramadhani wapangiwe kabla ya mwezi kuandama, au baada ya futari kama timu inaweza kuja usiku.

Siku moja kabla, waambie walale vya kutosha. Siku yenyewe wale, ila si chipsi wala supu ya mafuta. Mafuta yakijaa kwenye damu huvuruga vipimo. Nusu lita ya maji inywewe muda mfupi kabla ya sindano. Wanaozimia mara nyingi ni waliokuja na njaa, wenye hofu, na wanaochangia kwa mara ya kwanza wakainuka haraka. Akishatoa damu, mtu akae dakika 10 hadi 15, na dereva wa bodaboda asiwashe pikipiki papo hapo. Akisikia kizunguzungu, mlaze na uinue miguu yake. Pamba ibonyezwe mkono ukiwa umenyooka. Kuukunja huongeza uwezekano wa damu kuvilia.

Kinachowafukuza watu zaidi ya sindano ni majibu. Kila chupa hupimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Lisemwe wazi mapema, pamoja na kwamba majibu ni siri ya mwenyewe. Anayetoka kwenye foleni asiulizwe sababu mbele ya watu. Uvumi kwamba damu huuzwa usiujibu kwa hotuba. Mwalike mtaalamu wa maabara aeleze safari ya chupa mpaka wodini.

Anayekutwa na damu pungufu asiambiwe damu yake mbovu. Aende hospitali atafutiwe chanzo, na kwa sasa ale maini, dagaa, maharage, mchicha uliokamuliwa ndimu. Chai isubiri saa moja baada ya mlo.

Mjamzito na anayenyonyesha wasifutwe daftarini, wamepumzika tu. Aliyepita 65 ndiye mpigaji simu mzuri kuliko wote, kwa kuwa vijana huona haya kumkatalia.

Daftari liwe na jina, simu, kundi la damu, tarehe ya kuchangia na tarehe ya kurudi. Mpigie mtu kwa jina lake wiki moja kabla. Tangazo la jumla kwenye kundi la WhatsApp kila mmoja hudhani linamhusu mwenzake.